Sessantanni: mvinyo mzito, ila usiunywe na joto la Dar

Primitivo, mvinyo mwekundu wa Italia wa zabibu za jina hilohilo, nimezinywa sana zile za bei ya kawaida. Nyingi zina ladha ya jemu, ukimeza imekwisha. Sessantanni ni habari nyingine. Ni Primitivo di Manduria, yaani wa eneo la Manduria, wa ushirika wa San Marzano, ulioanzishwa na wakulima 19 mwaka 1962 kule Puglia, kwenye kisigino cha Italia. Zabibu zake hutoka kwenye mizabibu ya miaka 60 hivi, mifupi kama vichaka, isiyofungwa kwenye waya, iliyosimama yenyewe kwenye udongo mwekundu. Mzabibu mzee huzaa kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachobeba ladha yote. Ukionja utaelewa kwa nini watu hawaing'oi.

Rangi yake ni nzito, karibu nyeusi. Harufu inaanza na plamu zilizokauka na cheri, halafu inakuja vanila na kakao, maana umekaa mwaka mzima kwenye mapipa ya mwaloni wa Ufaransa na Marekani. Mdomoni ni laini, haukwaruzi ulimi, na ladha inakaa muda mrefu baada ya kumeza. Kuna sukari kidogo inayosikika, kwa hiyo kama wewe ni mtu wa mvinyo mkavu hasa, usio na utamu, fikiria kwanza.

Sasa suala la joto. Tunaambiwa mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumbani, lakini chumba hicho si cha Dar mwezi wa pili! Primitivo huiva mapema na kujaa sukari, ndiyo maana kilevi hapa kinafika asilimia 14.5. Ukiumimina na joto la sebuleni, kinachokupokea ni spiriti puani, cheri huzioni. Mimi huuweka kwenye friji kwanza, mpaka ufike nyuzi 18 au chini kidogo. Hapo unatulia.

Kwa chakula, mbuzi wa kuchoma ndiye mwenzake, hasa mbavu zenye mafuta. Samaki hapana. Pilipili nayo punguza, inauchochea ule ukali wa kilevi.

Bei inauma, si wa kila wikiendi. Nilichobakiza nilikirudishia kizibo nikakiweka kwenye friji, na kesho yake vanila ilikuwa imepungua, cheri zimejitokeza zaidi. Nyota nne. Ya tano imeondoka na ile sukari.