Pampu ya Upepo ya Gari: Ipi Ununue Nairobi, Ipi Uiache Dukani

Ingia kituo chochote cha mafuta Nairobi na mhudumu wa upepo atakuuliza swali moja: "Mkubwa, tuweke ngapi?" Jibu la madereva wengi nalo ni moja, thelathini na tano, awe anaendesha Vitz peke yake kwenda kazini au Noah iliyojaa jamaa wanaoenda matanga Murang'a. Upepo ni wa bure, au unamwachia kijana kitu kidogo, kwa hivyo hakuna anayelalamika. Shida ni moto. Ukitoka Kasarani hadi Pangani kwenye foleni ya Thika Road, tairi zinakuwa zimeshapashwa, na hewa ikipata moto kipimo hupanda. Tairi iliyosoma 33 pale kituoni inaweza kusoma 29 kesho asubuhi. Watengenezaji wa magari wanataka ipimwe ikiwa baridi, yaani gari limelala au limesimama masaa matatu hivi, jambo gumu kulipata kituoni isipokuwa uwe unaishi ng'ambo ya barabara. Ukiwa na pampu yako kwenye buti, kazi yote inaisha kabla ya chai.

Kabla hujatoa hata shilingi, inua zulia la buti. Magari mengi ya Japani ya miaka ya karibuni, kama Note, Demio, Fit na Aqua, huja bila spea. Mahali pake kuna kompresa ndogo nyeusi na chupa ya dawa ya kuziba pancha. Kuna watu wamekaa na gari miaka na hawajawahi kuiona. Chupa ina tarehe ya kuisha na huenda ilishapita zamani, lakini kompresa yenyewe mara nyingi inaweza kufungwa moja kwa moja kwenye vali bila dawa. Ukiikuta nzima, umeshamaliza nusu ya ununuzi. Ukikuta nafasi tupu, basi kuna aliyefika hapo kabla yako.

Kipimo kwanza

Kipimo cha upepo cha kusimama peke yake, kile cha saa au cha kalamu, ni cha shilingi mia kadhaa tu na ningekinunua kabla ya pampu yoyote. Vipimo vilivyojengewa ndani ya pampu za bei ya chini havikubaliani hata vyenyewe kwa vyenyewe. Weka pampu mbili za aina moja kwenye vali ileile na usishangae zikipishana PSI mbili au tatu (PSI ndicho kizio cha shinikizo la upepo, zile namba unazoulizwa kituoni).

Namba ya kufuata iko kwenye kibandiko, ukifungua mlango wa dereva, pale kwenye nguzo. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu ni zetu sote. Utaona 220, 230 au 250, na hizo ni kPa, kizio kingine cha shinikizo. Gawanya kwa 6.9 upate PSI: 220 ni 32, 230 ni 33, 250 ni 36. Magari mengine yanaonyesha pia 2.2 au 2.3, na maana ni ileile. Spea nyembamba ya dharura ina namba yake, kwa kawaida 420, ambayo ni karibu PSI 60, na ndiyo tairi ambayo karibu kila mtu huisahau hadi siku anayoihitaji. Ile namba kubwa iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi yenyewe. Usiifuate.

Ya kwanza: pampu ya waya, ya volti 12

Hii ndiyo ningemshauri mtu mwenye gari dogo au la kati ainunue, na sababu ni rahisi: umeme wake unatoka kwenye gari, kwa hivyo maadamu gari linawaka, pampu inafanya kazi. Unachomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, unafunga mpira kwenye vali, unaweka namba unayotaka, inajaza na kujizima yenyewe. Kwa kawaida zinauzwa kati ya Sh2,000 na Sh5,000, kulingana na duka na ulimi wako.

Boksi litakupigia kelele kuhusu "150 PSI". Usibabaike. Gari lako linataka thelathini na kitu, na hata ile spea nyembamba inaishia 60. Kinachotofautisha pampu na pampu ni lita za hewa inazosukuma kwa dakika, maandishi madogo upande wa pili wa boksi. Tairi ya gari kama Axio ina nafasi ya lita 25 hadi 30 ndani. Kuipandisha kutoka PSI 25 hadi 32 kunataka lita 15 hivi za hewa ya nje, na kuijaza kutoka sufuri kunataka 70 au zaidi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya tano, kwa hivyo pampu ileile huchukua muda mrefu zaidi hapa kuliko pwani. Isitoshe, lita za kwenye boksi hupimwa pampu ikipuliza hewani bila kizuizi. Ikisukumana na tairi, zinapungua. Ikiwa imeandikwa 30 au 35, chukua. Chini ya 20 itafanya kazi ya kuongeza kidogo kila mwezi, lakini ukiamka na tairi iliyolala kabisa utasimama hapo ukiisikiliza ikinguruma huku watoto wanachelewa shule.

Jambo la pili ni fyuzi. Soma kifuniko cha tundu la sigara kwenye dashibodi: magari mengi ya Toyota yameandikwa "12V 120W". Pampu inayokula zaidi ya hapo itachoma fyuzi, pengine si siku ya kwanza, ila itaichoma. Muuzaji akisema pampu yake ni ya wati 200 na inachomekwa kwenye tundu hilohilo, huyo hajui anachouza au anajua sana.

Tatu, urefu. Waya na mpira kwa jumla lazima vifike tairi ya nyuma upande wa abiria. Kwa Vitz karibu zote zinafika. Kwa Noah, Voxy au Probox, waya wa mita tatu kwenda juu ndio wa kutafuta, na ni afadhali mpira wenyewe uwe na urefu kuliko waya kuwa mrefu na mpira kuwa wa shubiri mbili.

Kichwa cha kufunga kwenye vali huja cha aina mbili. Cha kuzungusha cha shaba kinadumu, ila ukikifungua kinapitisha upepo kidogo, kwa hivyo weka PSI moja zaidi ya unayotaka. Cha kubana kwa kidole ni cha haraka, lakini plastiki yake ndiyo hufa kwanza.

Pampu hizi zinapata moto sana. Kijitabu kitasema ipumzike baada ya dakika kumi au kumi na tano, kiamini. Washa injini unapojaza ili usimalize betri, lakini si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wa gari unaua.

Ya pili: ya betri, isiyo na waya

Ndizo zinazopendwa sasa. Ya Xiaomi imeenea, na zilizoiga umbo lake zimejaa Luthuli Avenue. Inatoshea mkononi, inachajiwa kwa waya wa simu, na haijali tundu la sigara liko wapi. Kwa nyumba yenye magari mawili, baiskeli za watoto na mpira wa miguu, ningeiweka juu ya ile ya waya bila kusita. Vivyo hivyo kwa anayeegesha ghorofa ya chini ya ardhi ambako kuwasha injini ni kero.

Ila bei yake ni karibu mara mbili, na betri ya lithiamu haipendi joto. Gari likianikwa juani Upper Hill kutoka saa nne hadi saa kumi na moja, ndani ya buti si mahali pa kuihifadhi kwa miaka. Ikae nyumbani, uichaji kila mwezi hata kama hujaitumia. Na hapo ndipo mantiki yake inapoyumba: siku ya pancha Southern Bypass, pampu iko juu ya friji Utawala. Ukiipenda, tafuta inayokubali pia waya wa volti 12. Na kidude cha saizi ya chupa ya soda kilichoandikwa mAh elfu ishirini (kizio cha uwezo wa betri) kipite kama hukukiona.

Ya tatu, au ya kwanza kwa Prado

Tairi za Prado, Land Cruiser au Hilux zina hewa nyingi mno kwa pampu za tundu la sigara. Kwa hizo kuna pampu zenye vibanio viwili vinavyong'ata betri ya gari moja kwa moja, chekundu kwenye chanya, cheusi kwenye hasi. Ni nzito na ni ghali, lakini mtu anayepunguza upepo kupita mchanga Magadi anaihitaji kurudisha upepo huo kabla ya lami. Mwenye Fielder haihitaji.

Ya nne: ya mguu

Haihitaji umeme, haina fyuzi, na inapatikana kwa Sh1,000 na kitu. Chukua ya mitungi miwili. Ya mtungi mmoja hupinda miguu yake upesi. Kuongeza PSI tatu ni mazoezi mepesi. Kujaza tairi kutoka sufuri ni adhabu.

Kompresa ya umeme wa nyumbani yenye tangi nimeiacha nje ya orodha. Kama una uwanja wako Ruiru au Rongai na tundu la umeme karibu na gari, ni chombo kizuri. Kwenye ploti, utaanza kuulizwa tokeni ni za nani.

Ukishaipata, mara moja kwa mwezi inatosha, na kabla ya safari ndefu. Tairi nzima hupoteza karibu PSI moja kwa mwezi yenyewe, na joto likishuka nyuzi tano au sita hupoteza nyingine, ndiyo maana asubuhi za Julai taa ya tairi huwaka ghafla. Lakini tairi ileile ikidai upepo kila wiki, ina msumari. Pampu ni ya kukufikisha kwa fundi wa pancha tu.

Ukiwa dukani

Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, ina pampu za kila namna, na maduka makubwa yana chache zenye risiti ya maana. Popote ununuapo, nenda na gari au omba ichomekwe kwenye gari la jirani. Toa upepo tairi moja hadi 25, ijaze hadi 32, upime kwa kipimo chako mwenyewe. Tazama imechukua muda gani, kama imejizima, na gusa waya kama umepata moto. Waya kupata moto ni nyaya nyembamba ndani, na hiyo rudisha. Muuzaji akikataa ijaribiwe, duka linalofuata linauza ileile.