Fundi viatu wa Makoroboi na miguu yangu ya matege: uzoefu wangu

Nina matege ya kurithi, yale ambayo utotoni wenzangu walipitisha mpira katikati na kushangilia bao. Naishi Bugarika, juu kabisa kwenye mawe, na anayeijua Mwanza anaelewa maana yake: asubuhi unashuka vijia mpaka barabarani, jioni unapanda. Raba zote nilizonunua soko la Mlango Mmoja zililika kisigino upande wa nje kama zimekatwa kwa kisu, huku upande wa ndani ukibaki mpya. Goti nalo likawa linaniuma kwa ndani kila nikimaliza kushuka.

Makoroboi, hapa hapa mjini Mwanza, kuna fundi anayeshughulika na miguu ya namna hii. Hakugusa kiatu kabla hajaangalia mguu. Alinivua viatu, akanisimamisha juu ya ubao ulionyooka, akatia alama ya kalamu katikati ya kofia ya goti, kisha akashusha timazi, hii hii ya waashi. Uzi ulikwenda kuangukia upande wa kidole kidogo, na mguu wa kushoto ulizidi wa kulia. Akaniambia, "Kaka, zile raba za zamani usitupe, niletee." Alizigeuza, akapapasa zilipolika, ndipo akaanza kukata.

Kabari aliikata kwenye mpira mgumu wa soli, nene upande wa nje, ikiisha kabisa upande wa ndani. Kisigino changu kina upana wa karibu sentimita 7, kwa hiyo kabari ya digrii 5 ingekuwa na unene wa kama milimita 6 pembeni. Hakufika huko mara moja: aliweka milimita 3 kushoto na 2 kulia, nizoee kwanza. Na hakuitumbukiza ndani ya kiatu, maana kisigino kingeinuka na kiatu kingenitoka mguuni. Alibandua soli, akaiweka kabari katikati ya soli na kiatu, akapaka gundi na kushona kuzunguka.

Wanaoteleza kwenye theluji huko Ulaya nao hupimwa hivi. Kiatu cha ski ni plastiki ngumu inayobana mpaka juu ya kifundo, hakipindi kwenda pembeni, kwa hiyo mwenye matege hujikuta amesimamia ukingo wa nje wa ski na kugeuka kunamshinda. Mafundi wao huinamisha shingo ya kiatu ifuate mguu, kisha huchonga soli kwa digrii moja, hata nusu. Sisi wa raba, kiatu kinapinda na kuficha tatizo mpaka goti lilalamike.

Sasa visigino vinalika sawasawa. Maumivu hayajaisha ila yamepungua, hasa wakati wa kushuka. Wengine huenda wasipate nafuu kama yangu, maana hata tafiti za kabari hizi kwa maumivu ya goti zimetoa majibu yanayopingana.

Nina malalamiko mawili. Mvua zilipoanza, gundi ya kiatu kimoja iliachia. Alirudia bure, lakini nilishinda pale siku nzima. La pili ndilo lililoniudhi: nilimsikia akimwambia mama mmoja kwamba kabari itamnyooshea mtoto miguu. Hapana. Kabari inahamisha uzito, hainyooshi mfupa. Watoto wengi huanza maisha na matege, na miguu hunyooka yenyewe wakifika miaka 2 hivi. Yakiendelea baada ya hapo, yakizidi, au mguu mmoja ukipinda kuliko mwingine, mpeleke hospitali, Bugando wana madaktari wa mifupa. Inaweza kuwa ni upungufu wa vitamini D, na hiyo ina dawa yake.

Kwa mtu mzima anayejua anachokifuata, nampendekeza. Nililipa Sh25,000 kwa jozi. Nenda asubuhi kabla foleni haijajaa, na upeleke viatu vya soli ya kubandika au kushona. Vya plastiki ya kumwagwa kipande kimoja anavikataa, usimbembeleze.