Uzoefu wangu wa kutumia amri za mkato za Git

Kwa miaka minne nimeandika programu katika ofisi yetu ndogo iliyopo Ngamiani, jijini Tanga, na muda mwingi wa miaka hiyo nilikuwa nikiziandika amri za Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, kwa ukamilifu wake, herufi baada ya herufi. Siku moja mwaka jana nilihesabu ni mara ngapi nimeandika git status, amri ya kuonyesha mafaili yaliyobadilika, tangu asubuhi hadi tunafunga, nikapata mara 61. Jioni hiyo hiyo nilifungua .bashrc, faili la mipangilio ya Bash (programu ninayoandikia amri), nikaongeza mstari huu wa lakabu, yaani jina fupi la amri ndefu: alias gst='git status -sb'. Sikutumia gs, ingawa ni fupi zaidi, kwa kuwa jina hilo tayari ni la programu ya Ghostscript, ambayo tunaitumia kuandalia risiti za wateja.

Jibu la gst ni fupi vilevile: mstari wa kwanza hutaja tawi nililopo (mkondo wa kazi ndani ya Git) na idadi ya komiti (mabadiliko niliyokwisha kuyarekodi) ambazo bado sijazituma kwenye seva, kisha hufuata mafaili niliyoyagusa, kila moja kwenye mstari wake.

Lakabu ninayoipenda kuliko zote nimeiweka ndani ya Git yenyewe kwa git config --global alias.lg "log --oneline --graph --all", kwa sababu lakabu ya namna hii hufanya kazi sawasawa kwangu ninayetumia Bash na kwa mwenzangu anayetumia Zsh, programu nyingine ya kuandikia amri. Nikiandika git lg, historia yote hupangika kwa nyota na vijiti, na asubuhi moja ndiyo iliyonionyesha kwamba tawi la mwenzangu lilikuwa limeachana na letu siku tatu nyuma, kabla hatujaanza kugongana katika faili lilelile.

Kosa langu lilikuwa kutaka kila kitu kiwe kifupi. Nilitunga lakabu moja iliyounganisha git add -A, git commit na git push (kuchagua mabadiliko yote, kuyarekodi na kuyatuma kwenye seva), yenye ujumbe usiobadilika wa "marekebisho". Kwa wiki mbili niliifurahia, hadi ilipotuma kwenye seva faili lenye nywila ya hifadhidata ya mteja. Kulifuta faili hilo katika komiti iliyofuata hakukutosha, kwani Git hutunza historia na nywila ilibaki ikisomeka katika komiti ya nyuma. Usiku ule tulibadilisha nywila, kisha lakabu ile nikaiondoa kabisa.

Tangu hapo nafupisha amri za kutazama tu. Zile za kutuma na kufuta, hasa git reset --hard inayoondoa mabadiliko ambayo hayajawekwa kwenye komiti, naziandika zote kwa mkono, na zile ndefu zisizo na madhara ambazo sikuzipa lakabu nazitafuta kwa Ctrl+R, ambayo hurudisha amri ya zamani kwa herufi chache tu. Anayeanza ningempa gst na git lg peke yake kwa mwezi wa kwanza.