Waileresi za gitaa za bei nafuu: ipi inafaa mazoezi ya nyumbani Mtwara

Anayepiga gitaa chumbani kwake Shangani au Chikongola hahitaji waileresi (kifaa cha kupeleka sauti ya gitaa kwenye amplifaya bila waya) ya kufika mita 30. Kutoka kitandani hadi kwenye amplifaya ni hatua nne. Lakini maboksi yote yanajinadi kwa umbali, na wanunuzi wanalipia mita wasizozitumia, halafu umeme unakatika saa mbili usiku ndipo wanagundua kwamba risiva, kile kipande kinachopokea sauti, haina betri. Kwa mazoezi ya nyumbani huku kusini, cha kwanza kuangalia ni chaji. Cha pili ni kuchelewa kwa sauti, cha tatu ni usumbufu wa ruta ya intaneti. Umbali uache mwisho kabisa.

Waileresi nyingi za daraja hili ni vipande viwili vyenye ukubwa wa kiberiti: transmita inayochomekwa kwenye gitaa, na risiva inayochomekwa kwenye amplifaya au pedali (kile kifaa cha mguuni cha kubadili sauti). Kwa kawaida jeki yake ni ya milimita 6.35, na mara nyingi inajikunja. Swali la kumuuliza muuzaji kabla hata ya bei ni hili: "Kaka, risiva ina betri yake au inategemea umeme?"

Swali hilo peke yake linaiondoa Line 6 Relay G10, na ni pole, kwa sababu ni kifaa kizuri. Sauti yake ni safi, inachelewa chini ya milisekunde 3, na transmita inadumu hadi saa 8. Ila transmita inachajiwa kwa kuchomekwa kwenye risiva yenyewe, na risiva haina betri, inakula umeme wa USB muda wote. Umeme ukienda unaweza kuwa na amplifaya ya betri na transmita imejaa chaji, na bado ukakaa kimya mpaka upate pawabenki. Na risiva ikiharibika, huna tena pa kuchajia transmita. Kwa mtu mwenye sola au inveta nyumbani hilo halina uzito. Kwa wengine wote, iacheni dukani.

Boss WL-20 ndiyo bora kati ya zinazofikika. Inachelewa milisekunde 2.3 tu, transmita inadumu karibu saa 10 na risiva karibu 12, zote kwa betri zake. Nje ya nchi imekuwa ikiuzwa karibu dola 200 kabla ya usafiri na ushuru, na hapo ndipo neno "nafuu" linapoanza kuyumba. Ina kitu kimoja ambacho wapigaji wa gitaa la umeme watakifurahia: inaiga athari ya waya. Waya wa kawaida wa mita 6 hupunguza kidogo sauti za juu, kwa hiyo mtu akihamia kwenye waileresi huona gitaa limekuwa kali, nyuzi za juu zinachoma masikio. WL-20 inarudisha ule ulaini. Kwa gitaa kavu lenye priampu (kikuza sauti kidogo) ndani kuna WL-20L, isiyo na uigaji huo. Kwenye waileresi nyingine dawa ni bure: shusha kitasa cha toni kwenye gitaa kidogo tu, kutoka 10 hadi 8 au 7.

Xvive U2 ndiyo ya kati. Inatumia mawimbi ya GHz 2.4, ina chaneli 4, inachelewa chini ya milisekunde 6 na inadumu karibu saa 5. Nje imekuwa ikiuzwa karibu dola 150. Saa 5 zinatosha mazoezi ya siku mbili tatu za kawaida, kwa hiyo ukichaji usiku umeme upo, ukikatika kesho huna habari nao. NUX B-5RC nayo ipewe nafasi: inakuja na kikasha kinachochaji vipande vyote viwili, kama vile vya spika za masikioni, na imetengenezwa kukubali pikapu (vile vinasa sauti vya gitaa) za kawaida na za betri pia. Kikasha hicho kina faida nyingine ambayo tangazo halisemi. Vipande havipotei, wala havikai mezani vikila chumvi ya hewa ya bahari.

Chini ya hapo kuna zile za Kichina za dola 40 hadi 60, Lekato na nyingine nyingi zinazofanana hadi umbo la plastiki. Kwa mazoezi zinafaa, tusizidharau. Kasoro zake zinajulikana. Ya kwanza ni pikapu zenye betri ya volti 9: baadhi ya transmita za bei ya chini zikichomekwa kwenye gitaa la namna hiyo hutoa mlio mwembamba kama wa mbu, usiokoma hata ukinyamazisha nyuzi. Gitaa kavu nyingi zenye ikwaliza (vitasa vya kurekebisha besi na trebo) ubavuni ni za aina hiyo, hivyo nenda dukani na gitaa lako au mtume fundi mwenye gitaa kama hilo. Ya pili ni bawaba ya jeki. Ikilegea, ukikunja mguu tu sauti inakatika, na watu hudhani ni mawimbi. Kabla ya kulipa, ichezeshe juu na chini mara kadhaa huku uzi mmoja unalia. Kwaruzo lolote, rudisha.

Sasa kuchelewa. Sauti husafiri hewani karibu mita 343 kwa sekunde, maana yake milisekunde 3 ni sawa na kuisogelea au kuiacha spika kwa mita moja. Waileresi ya milisekunde 6 inakuweka mita mbili nyuma ya ulipokaa. Hata mpiga solo wa sebene anayekimbiza nyuzi hatalalamika. Shida inakuja zinapojumlishana: waileresi 6, pedali ya dijitali 3, kompyuta yenye programu ya amplifaya 10 au zaidi. Hapo vidole vinaanza kutangulia sauti. Anayefanya mazoezi kwa kompyuta au simu atumie waya kati ya gitaa na kompyuta, aihifadhi waileresi kwa amplifaya.

Tahadhari kubwa zaidi ni bluetooth. Baadhi ya maduka huuza vile vipande vidogo vya bluetooth vya kuunganisha redio na spika, na vinasifiwa kuwa "vinafaa gitaa". Havifai. Bluetooth ya kawaida huchelewa milisekunde 100 hadi 200 na kuzidi, yaani unagonga uzi na sauti inatoka ukiwa umeshafika noti nyingine. Hata ukiwa na waileresi nzuri, usisikilize gitaa kwa spika za masikioni za bluetooth. Zile maiki za kubana kwenye shati nazo ziache, maana mlango wake wa sauti haukutengenezwa kwa pikapu ya gitaa, ambayo inataka ukinzani mkubwa, karibu megaohmu 1. Gitaa litasikika limefunikwa blanketi.

Kuhakikisha unachoambiwa dukani, weka simu karibu sana na nyuzi na spika ya amplifaya, rekodi pigo moja kavu, kisha ifungue rekodi hiyo kwenye programu inayoonyesha mawimbi ya sauti. Utaona vilele viwili: cha uzi wenyewe na cha spika. Nafasi kati yao ndiyo kuchelewa. Ikizidi milisekunde 10 na hakuna pedali ya dijitali katikati, hiyo si waileresi ya gitaa.

Usumbufu wa mawimbi unaeleweka ukijua jirani zake. GHz 2.4 ndiyo njia ya wifi nyingi, bluetooth na oveni za maikrowevu. Kilio cha kawaida ni sauti kukatika kwa vipande vidogo, tk-tk-tk, hasa mtu akianza kupakua video. Angalia kwanza mfuko wa suruali. Transmita inakaa ubavuni mwa chini wa gitaa, na simu yenye hotspoti iko mfukoni sentimita kumi tu kutoka hapo. Itoe. Ruta isogeze mita mbili kutoka kwenye amplifaya, na kama ina GHz 5 hamishia simu za nyumbani huko. Bado inakatika? Badili chaneli ya waileresi, vipande vyote viwili viwe kwenye namba moja. Kingine kinachosahaulika: risiva ikichomekwa nyuma ya amplifaya iliyoegemezwa kwenye nondo za dirisha au ukuta wa mabati, mawimbi yanazibwa. Igeuze.

Zipo za GHz 5.8 pia, na kwa chumba kimoja ni chaguo zuri kwa sababu hazigongani na wifi ya kawaida. Zinapita ukutani vibaya zaidi, lakini hapa hatupigi gitaa uani huku amplifaya iko sebuleni. Ikiwa ruta yako ya GHz 5 iko kwenye chaneli 149 hadi 165, inakaa jirani kabisa. Ipeleke 36 hadi 48.

Jambo moja linazungumzwa kidogo na lina uzito huku: waya wa ardhi. Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu zisizo na ethi ya kweli. Amplifaya yenye hitilafu ikichomekwa hapo, mpigaji aliyeshika nyuzi huhisi ganzi au shoti. Waileresi inakutenganisha na amplifaya, hivyo hatari hiyo inapungua. Haitengenezi amplifaya, lakini. Ikikupiga shoti, mwite fundi umeme.

Kuchaji nako kuna mitego. Vifaa vingi vya bei ya chini vina tundu la USB-C lakini havikubali waya wenye ncha mbili za C. Taa haiwaki na mtu anadhani kimekufa. Tumia waya wa zamani, upande mmoja USB pana, na chaja ya volti 5. Pawabenki nyingine huzima zenyewe zikiona mzigo mdogo, kwa hiyo chaji vipande viwili pamoja. Usipige gitaa huku risiva inachaji, kwani kelele za chaja hupita hadi kwenye spika. Na kila mara shusha sauti ya amplifaya kabla ya kuchomeka au kuchomoa, la sivyo ule mlipuko "pwaa" utapasua spika ndogo.

Anayeagiza Kariakoo amwombe muuzaji ajaribu mbele ya kamera kabla ya kufunga, asikike akipiga kwenye chaneli zote, kwa sababu kurudisha kifurushi kwa basi ni gharama yako. Na masika usiahidi mtu tarehe: mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilikata barabara pale Somanga na mizigo ya kusini ikakwama.

Betri ndani yake ni ndogo ya lithiamu, volti 3.7, na huchoka baada ya miaka kadhaa. Usiziache kwenye dashibodi ya gari wala dirishani. Fundi simu mwenye mkono mzuri anaweza kuibadilisha, ilimradi umpe ile ya zamani apime urefu na unene, kwa sababu ikizidi milimita moja plastiki haifungi. Jeki futa na kitambaa chenye spiriti kila wiki mbili; chumvi ya Mikindani haimwachi mtu.