TAHADHARI: Kifurushi cha kuwinda elki Colorado kwa dola 1,800 ni utapeli, msitume hela

Wakuu habari za wikendi. Hii ni kwa watu wetu wa Denver, Aurora, Greeley na wale wa majimbo mengine mnaotamani kuja kuwinda elki (yule kulungu mkubwa wa Amerika) huku Colorado kwa mara ya kwanza na mfuko wenyewe mdogo. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook ya Waafrika Mashariki anauza kifurushi cha "wanaoanza", dola 1,800 kila kitu ndani, yaani leseni, kambi, msosi, mtu wa kukuongoza, bunduki ya kuazima mpaka kukatiwa nyama. Anaongea Kiswahili safi, anatuma voisi noti, kwa wazee anaanza na shikamoo, anasema mimi mtu wa nyumbani siwezi kuwapiga. Anapiga. Nawafahamu wawili walioshatuma kishika uchumba cha dola 600 kwa Zelle (ile ya kutumiana hela benki kwa benki), mmoja ni mzee wetu anayeheshimika kabisa hapa Aurora, na wote ameshawabloku.

Stori yake ni hivi. Anasema kuna mteja Mzungu amejitoa dakika za mwisho, nafasi imebaki moja, ndio maana bei imeshuka, ukichelewa mpaka jioni inakwenda kwa mwingine. Sasa hii ya mteja kujitoa ni kitu kipo kweli, makampuni yanauzaga nafasi hizo kwa punguzo, kwa hiyo hata anayejua mambo kidogo anaweza kuona ina mantiki. Ila kuongozwa kwa ukweli kwenye ranchi yenye elki ni maelfu ya dola, elfu tano hiyo unaongelea bei ya chini, na hakuna punguzo linaloshuka mpaka 1,800 halafu na leseni ndani.

Na hapo kwenye leseni ndipo pa kumshikia. Leseni ya elki hauziwi na mtu. Unainunua mwenyewe kutoka CPW, ndio idara ya wanyamapori ya Colorado, kwenye tovuti yao au dukani kwa wakala wao, kwa jina lako, na kitambulisho chako, na uwe na cheti cha mafunzo ya uwindaji kama umezaliwa kuanzia Januari 1, 1949, yaani karibu sisi sote. Haihamishwi. Huyu anawaambia watu "leseni ninayo tayari, jina tutabadilisha mkifika." Ukikamatwa porini na leseni ya mtu mwingine kesi ni yako sio yake, unaweza kunyang'anywa haki ya kuwinda Colorado na majimbo karibu yote yakafuata kwa sababu yana makubaliano ya pamoja, na kwa mtu ambaye makaratasi yake ya uhamiaji bado yanaendelea kesi sio kitu cha kuchezea.

Mzee mmoja akaniomba nimwangalizie kabla hajatuma (huyo aliokoka), nikaingia inboksi kama mteja. Jamaa akanitumia picha ya dume kubwa limelala kwenye nyasi, vijana wawili wamepiga goti pembeni wanacheka, akaandika "tumempiga Novemba msimu wa raifo, unit 201." Jamani, pembe za dume lile zilikuwa bado zimefunikwa ile ngozi laini yenye manyoya! Elki dume anaisugua kwenye miti ikatoka yote ifikapo mwishoni mwa Agosti au Septemba mwanzoni, Novemba pembe ni mfupa mtupu unang'aa. Halafu wale vijana wamevaa kijani cha jeshi kichwa mpaka miguu. Msimu wa raifo (bunduki) Colorado sheria inakutaka uvae rangi ya chungwa ile kali au pinki ile kali juu ya kiuno, inchi za mraba 500, na kofia ya rangi hiyo hiyo. Nikaipitisha picha Google Lens ikaenda kutokea kwenye tangazo la kampuni ya jimbo lingine kabisa.

Na hiyo unit 201 aliyoitaja (unit ni eneo la kuwindia lenye namba yake), mnaojua mnacheka. Unit 2, 10 na 201 kule kaskazini magharibi ni zile ambazo watu wanaomba kwenye droo (bahati nasibu ya leseni) na kukusanya pointi za kuomba miaka zaidi ya ishirini ndio wapate leseni ya dume. Yeye anakupa wiki ijayo.

Nikamuuliza namba ya usajili. Colorado kampuni yoyote inayolipwa kuongoza wawindaji lazima iwe imesajiliwa na serikali, ofisi yenyewe iko chini ya DORA (idara ya jimbo inayosimamia leseni za kazi) na jina unalitafuta mtandaoni bure, wanatakiwa wawe na bima na dhamana na wakupe mkataba wa maandishi, na kama wanafanyia kazi kwenye msitu wa taifa wawe na kibali cha Forest Service (idara ya misitu ya shirikisho). Akanitumia pdf yenye nembo ya tai. Imeandikwa "Hunting Authority of Colorado", mamlaka ambayo haipo. Nilipomwambia jina lake silioni kwenye orodha akajibu "bro mambo ya mfumo hayo, unaniamini au huniamini."

Kuna kitu kingine kiliniuma zaidi. Bei yake ina dola 250 za "kibali cha kuingia eneo". Nikamuomba pini ya kambi, akatuma, nikaiweka kwenye ramani ya bure ya CPW, ikatua katikati ya White River National Forest. Ardhi ya umma! Msitu wa taifa na ardhi za BLM (idara ya ardhi ya shirikisho) unaingia kuwinda bure na leseni yako mkononi, hakuna wa kumlipa. Ada ya kuingia inakuwepo kwenye shamba la mtu binafsi, na hapo unaongea na mwenye shamba.

Kwa nini anatuwinda sisi? Nafikiri anajua tulikotoka. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, Tanzania ukikutwa na mguu wa swala bila karatasi ni nyara za serikali na kesi yake unaijua, kuwinda kihalali tumezoea ni mambo ya watalii wenye hela. Kwa hiyo mtu akisikia leseni anaamini lazima upitie kwa mtu, lazima kuna mlango wa nyuma. Huku mlango wa mbele uko wazi tena ni rahisi kuliko huo wa nyuma.

Angalieni wenyewe. Ukiwa mkazi wa Colorado, yaani umeishi miezi sita mfululizo, leseni ya elki haifiki dola 100, unaongeza stempu ya makazi ya wanyama kama dola 12 basi. Mgeni wa jimbo lingine ndio inauma, dume ni 800 na kitu. Mpaka 2025 leseni za dume za msimu wa pili na wa tatu wa raifo zilikuwa zinauzwa bila droo kwenye maeneo mengi, zinaanza kutoka mwanzoni mwa Agosti, na maombi ya droo yanafungwa mwanzoni mwa Aprili, someni kitabu cha mwaka husika maana wanabadilisha badilisha. Hela inayobaki iende kwenye mafuta, hema, buti nzuri na mifuko ya nyama, na mwenzako mwenye mgongo, kwa sababu dume likianguka una kilo 80 mpaka 100 za nyama bila mfupa za kubeba kupanda na kushuka milima, na sheria hairuhusu kuiacha ioze.

Na hakuna wa kukuhakikishia mnyama. Kwa mahesabu ya CPW wanaofanikiwa ni kama mmoja kati ya watano, wengine wanarudi na baridi tu. Akisema asilimia mia ondoka.

Ile ya bunduki ya kuazima pia muwe makini. Mwenye green card hana shida kwa sheria ya shirikisho, ila aliyeko kwa viza ya muda kama mwanafunzi haruhusiwi kushika bunduki wala risasi isipokuwa awe na leseni halali ya kuwinda au sababu nyingine chache za kisheria, na asiye na makaratasi haruhusiwi kabisa. Sasa fikiria umeshika bunduki yake, leseni aliyokupa ni feki.

Walioshatuma, pigeni benki leo, msisubiri Jumatatu. Zelle ni ngumu kurudisha lakini taarifa ikiwahi ni afadhali. Tunzeni voisi noti na skrinishoti zote, msifute chati kwa hasira, halafu mripoti IC3 ya FBI (wanaopokea ripoti za utapeli wa mtandaoni), na kwa CPW kuna Operation Game Thief (ya kuripoti uwindaji haramu), wanapokea hata bila kutaja jina lako. Mkimlipa mtu wa kweli siku nyingine tumieni kadi ya kredit ili muweze kupinga malipo.

Maadmini tafadhali mtoeni kwenye magrupu, anabadilisha namba lakini sauti ni ile ile. Mwenye swali la leseni au ramani aulize hapa nitajibu nikitoka shifti, ila msiniulize bei za bunduki, hapo sijui kitu.