Nimefunga injini ya dizeli ya 186F kwenye pikipiki: kabla ya kuuliza hosipawa, angalia shafti

Wadau, hii ni kwa yeyote anayetaka kujitengenezea pikipiki ya dizeli, maana mimi nimeshafunga injini mbili na ya kwanza ilinilia hela bure, sitaki mwingine apite nilikopita. Niko Ubaruku, Mbeya, kwenye mpunga, huku pampu za maji na pawatila (trekta za mkono) ndo maisha, kwahiyo spea za hizi injini ndogo za dizeli nazifuata kwa miguu. Hiyo peke yake ilishaniamulia nusu ya mambo.

Ile injini ya S195 ya mashine ya kusaga iacheni kwenye mashine ya kusaga. Inadumu sana, hosipawa 12, lakini ina kilo kama 140 na inazunguka mara 2000 tu kwa dakika, fremu ya pikipiki haibebi hiyo. Injini ya 178F nayo ni nyepesi, kilo 33, cc 296, ila hosipawa 6 ukiweka gunia la mpunga nyuma afu ukutane na mchanga inakata pumzi. Sio kwamba haifai kabisa, India waliuza Royal Enfield ya dizeli yenye cc 325 na hosipawa 6.5, ilikuwa inaishia kama kilomita 65 kwa saa na watu walitembelea miaka na miaka. Kama wewe unabeba mwili wako tu, chukua 178F.

Mimi nikachukua 186F. cc 406, hosipawa 10 ikizunguka 3600, kilo 48, inapozwa na upepo. Wajerumani wa kampuni ya Sommer wao walifunga Hatz 1B40 ya cc 462 kwenye fremu ya Enfield na ile Hatz ni injini ya ukweli, sibishi, ila ikiharibika nozo (ya kupulizia mafuta) hapa Ubaruku unaenda kwa nani?

Sasa hapa ndo muwe makini. 186F zinafanana zote ukiziangalia kwa nje lakini shafti zake (kile chuma kinachotoa nguvu nje ya injini) ni tofauti, na duka nililonunulia ya kwanza (mtumba, laki nne na nusu) waliniambia "shafti ni moja tu bosi". Kumbe ilitoka kwenye jenereta, shafti yake ni koni, imechongwa inapungua kuelekea mbele. Koni inashikwa na boliti ndefu inayopita katikati ya rota ya jenereta, ukishatoa rota hakuna cha kuivuta puli ikae. Fundi akanichongea bushi, nikaendesha siku mbili, siku ya tatu nikasikia mlio kama wa kisu kwenye jiwe la kunolea, kufungua nakuta bushi imezunguka juu ya shafti na chuma kimekuwa cha bluu kwa moto. Shafti imekwisha. Duka halikutaka hata kunisikiliza.

Ya pili nikaenda na kaliba (kipimo cha unene) mkononi. Unayoitaka ni iliyonyooka, yenye njia ya kii (kipande cha chuma kinachozuia puli isizunguke peke yake), yangu ni milimita 25.4 yaani inchi moja, puli ikaingia bila kuchonga kitu. Kuna aina ya tatu pia, shafti inatokea upande wa kem (ile inayofungua valvu), hiyo inazunguka nusu, injini ikiwa 3600 yenyewe inatoa 1800. Kwa pampu nyingine nzuri, ila mimi natumia puli mbili na mkanda kama za skuta, zile zinajibana kwa mwendo, kwa 1800 hazishiki vizuri. Afu inazunguka kinyume! Simama upande wa kushoto wa pikipiki, tairi likienda mbele linazunguka kinyume cha saa, kwahiyo shafti inayotazama kushoto nayo lazima izunguke hivyo hivyo, ya krenki (ile inayosukumwa na pistoni) inafanya hivyo, ya kem hapana.

Kuhusu mwendo, tairi langu likizunguka mara moja linakula mita 1.87 hivi, kwahiyo kwa kilomita 70 kwa saa injini ikiwa 3600 unahitaji kupunguza kama mara 5.8 jumla, mkanda na cheni pamoja. Nilianza na sproketi ndogo nyuma kwa tamaa ya spidi, ikawa inavuta kwa shida, nikarudi kwenye kubwa.

Kitu kinachoshangaza ukizoea petroli ni gavana. Ukivuta eksileta huimwagii mafuta, unaiambia tu izunguke kiasi gani na yenyewe inaongeza mafuta mzigo ukija, tunapanda tuta la mfereji na gunia nyuma mkono sijausogeza na haishuki. Nimeipenda mno hii. Ila skrubu ya gavana msiiguse kutafuta spidi, mtavunja konrodi (mkono wa pistoni). Na ukikuta ya jenereta ujue imefungiwa 3000.

Mtikisiko upo japo ndani ina shafti ya kusawazisha, kwenye sailensa (ikiunguruma taratibu bila kuvuta eksileta) vioo vyote vinacheza, ikichanganya inatulia. Ukiweka raba chini ya injini hakikisha puli ya pili nayo imekaa kwenye bamba hilohilo la injini, la sivyo mkanda unapinda na unanuka kuungua ndani ya wiki.

Kuwasha ni kamba, vuta taratibu mpaka igome, bonyeza kile kijiti cha juu cha kupunguza mgandamizo, afu vuta kwa nguvu mara moja. Mke wangu anaiwasha. Nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa kelele, na tangi msisubiri likauke maana ikiingia upepo utakaa barabarani na spana 17 unalegeza nati ya nozo huku mwenzio anavuta kamba mpaka povu liishe.