Mtoto kang'atwa na mbwa, mapokezi wananidai PF3

Jamani naandika bado nina hasira kwahiyo mtanivumilia. Juzijuzi mwanangu kang'atwa na mbwa kwenye kigimbi, mbwa mwenyewe wa mtaani hana mwenyewe, anayumba huku udenda unachuruzika, alikuwa ameshang'ata na mbuzi wa jirani. Nikampakia mtoto kwenye boda mbio hospitali, kanga niliyomfunga imelowa damu, nafika dirisha la mapokezi kuna kaka kakaa anamenya karanga, uso hanyanyui, "Mama, PF3 iko wapi?" Yaani ile fomu ya polisi ya majeruhi.

Nikamwambia kaka'angu, mtoto hajapigwa na mtu, kang'atwa na mbwa, sasa nikamfungulie mbwa kesi? Akasema utaratibu ni utaratibu, nenda polisi kwanza, halafu eti "mwenye mbwa ni nani?" Nikasema hana mwenyewe. Akasema basi polisi wataandika hivyohivyo. Anaongea huku anapuliza maganda ya karanga juu ya rejista. MAGANDA. Juu ya rejista ya wagonjwa. Yaani mpaka leo nikifumba macho naona yale maganda.

Na nyie mnajua kichaa cha mbwa si malaria kwamba utachelewa halafu unywe dawa mbili upone. Dalili zikishaanza, mtu akaanza kuogopa maji, basi tena, karibu wote wanakufa, hakuna cha daktari bingwa wala dripu. Nafasi ni kabla ya hapo tu. Hata kama PF3 inatakiwa, si mtoto aoshwe kidonda, achomwe, mie niifuate hiyo karatasi baadaye?

Aliyetuokoa ni dada wa usafi, wala si daktari. Alisikia nikipiga kelele, akatushika mkono mpaka bomba la uani, akatoa kipande cha sabuni ya mche mfukoni mwake akasema mama osha, maji yatiririke, usiache mpaka dakika 15 ziishe, na usikubali mtu akupakie mafuta ya taa wala majivu ya nywele za mbwa (mama mkwe alishaanza kunipigia simu na hayo). Mtoto analia, mie nalia, dada wa watu kashika mguu anasugua taratibu. Baadaye daktari akasema kile ndicho kitu cha kwanza kabisa kilichotakiwa kufanyika. Sasa kwanini anayekijua ni mfagiaji na siyo wa dirishani?

Chanjo yenyewe sina neno nayo. Wale mnaoogopa sindano za tumboni, hizo zilikuwa za zamani. Mwanangu alichomwa ndani ya ngozi mikono yote miwili, kisindano kidogo, ratiba ni siku ya 0 (yaani ile ya sindano ya kwanza), ya 3 na ya 7. Kidonda hawakukishona, nikakasirika nikidhani ni uzembe, kumbe cha mbwa hakishonwi ovyo. Nesi wa chanjo alikuwa mpole hadi nikaanza kuwasamehe wote. Alinielewesha kwamba kichupa kimoja wanagawana wagonjwa kadhaa, kikishafunguliwa kisipoisha ndani ya masaa machache kinamwagwa, ndio maana wanapenda mje pamoja. Sawa, hilo nimelielewa, akafungua hivyohivyo kwa ajili ya mtoto mmoja. Nikasema hospitali hii bwana si mbaya kihivyo.

Halafu daktari akaandika na immunoglobulini, ile ya kuchomwa kwenye kidonda chenyewe imlinde wakati chanjo bado haijaanza kufanya kazi, naenda dirisha la dawa naambiwa haipo, katafute mjini. Mjini duka la kwanza hawana, la pili wanayo, bei nikaomba nikae chini kwanza. Nikakopa. Hasira zote zikarudi upya, na za karanga juu yake.

Kwahiyo mkiniuliza hospitali ikoje sijui niwajibu nini. Nesi nampa nyota tano, dada wa usafi ningempa na mshahara wa yule kaka. Msiende... hapana, nendeni, tena haraka, mtaenda wapi kwingine, ila mkifika msisimame dirishani, piteni moja kwa moja bombani halafu ulizieni chumba cha chanjo. Mie dozi ya siku ya 7 bado, narudi palepale, na PF3 ninayo kwenye pochi, nimeikunja vizuri kabisa, aniulize tu.